Kitanda Kisichopita Mlangoni

Fundi mzima wa kuchomelea vyuma, tena mwenye kujisifu, alimtengenezea bintiye kitanda mle mle chumbani, kikawa kipana kuliko mlango! Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Kidosho, siku tukihama je?" Naye, mbishi kama kawaida yake, akajibu, "Tutakiacha na mwenyewe humo humo!" Jamani, maneno mengine heri mtu angeyameza.

Homa ikamchukua Kidosho kabla hajaanza shule. Sasa walikuwa wanahama, maana mama mtu hakupata tena usingizi nyumba ile. Mwenye nyumba aliomba kitanda kibaki, wapangaji wapya wana mtoto. Fundi alikubali upesi. Moyoni alitaka kibaki kizima, hata kikilaliwa na mwingine.

"Hakibaki," mkewe alisema. "Mtoto wa mtu asilale pale pa mwanangu. Kikate."

Umeme ulishakatwa, kwa hiyo grenda, mashine ya kukatia vyuma, haikuwa na kazi. Fundi akafunga bledi, ule ukanda wenye meno, kwenye msumeno wa chuma, akapiga magoti, akasugua weee! Jasho likamtoka, bomba la kitanda likabaki na mkwaruzo tu. Mkewe, aliyeshinda naye karakana miaka yote, akainama kutazama.

"Meno yanatazama nyuma."

Fundi akazidi kusugua.

"Msumeno unakula ukisukumwa mbele, umenifundisha mwenyewe. Leo wewe ukosee hilo? Kamdanganye mwingine."

Akamnyang'anya, akalegeza nati, akaigeuza bledi, akasukuma kwa hasira. Lakini ilikuwa bledi ya meno makubwa, ya vyuma vinene. Kwenye bomba lile jembamba ikanasa, meno yakang'oka, kisha ikakatika katikati. Mama Kidosho akabaki na fremu ya msumeno mkononi, machozi yakimtiririka.

"Nimechoka, Baba Kidosho. Usiniache nimzike peke yangu."

Maneno yale yalimkata fundi maini. Kweli siku ya mazishi alikuwa amekimbilia karakana, akajifungia. Aliona aibu, akauona na uchungu wote wa mkewe. Akapekua sanduku la zana, akatoa bledi nyingine.

"Bomba jembamba linataka meno madogo," alisema. "Na usiharakishe, mke wangu. Tumia urefu wote wa bledi."

Akaifunga, meno mbele. Wakakata kwa zamu, mmoja akisukuma, mwenzake akilishika bomba lisitikisike. Ubavu wa kitanda ulipoachana na miguu, kila mmoja alidaka upande wake. Wakauteremsha sakafuni polepole, bila kelele, kwa mazoea ya kutomwamsha mtoto. Walipotambua walichokifanya, wote wawili wakaangua kilio.