Mtaa wa Ameir

"Nilikuuliza ndugu yako anakaa wapi, ukaniambia unajua!" Sheikhan alimwambia mkewe.

"Na najua. Fontvieille. Umesikia? Fontvieille!" Mwatime alipiga meza kwa kiganja. "Monako ni mji huo huo, nchi hiyo hiyo. Mitaa yenyewe minne. Mtu atapotelea wapi?"

"Iwe minne, iwe mia, nambari ya nyumba iko wapi, mama Mize?"

Hakuwa nayo. Ameir alipopata kazi ya kupaka rangi meli za matajiri huko, alipiga simu akataja mtaa, na Mwatime akaridhika. Kwao Kibokoni, Mombasa, nani aliwahi kuuliza nambari? Unataja mtaa na jina la mtu, mpita njia yeyote anakufikisha mlangoni. Mwanamke na shahada yake, akadhani dunia nzima ni Kibokoni! Simu hupiga Ameir mwenyewe, tena kutoka vibanda vya barabarani.

Mama yao alikuwa amefariki alfajiri. Aliacha wasia kwamba Ameir, mwanawe wa kiume wa pekee, ndiye amshushe kaburini. Kwa hiyo Mjomba Mbarak amezuia maziko. Maiti ameoshwa, amekafiniwa, yupo kitandani anangojwa mtu asiyejua kwamba anangojwa, na joto la Machi la Mombasa halina huruma.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Boniface, jirani yao Mkongo hapa ugenini, ambaye tangu asubuhi alikuwa kwake akiwapigia polisi wa Monako kwa Kifaransa.

"Pole, mama. Banasema Fontvieille ni maghorofa tu. Balijaza mawe mu bahari, bakajenga. Bila nimero ya nyumba, habawezi."

"Si waulize majirani?"

"Kule majirani habajuane, mama."

Mwatime akaivuta atlasi waliyoiazima maktaba. Mtaa wenyewe ungefunikwa na ukucha wake. Ndani ya ukucha huo Ameir yuko, pengine anakoroga rangi huku akipiga mluzi, na hakuna njia ya kumfikia.

"Tungoje kesho," Sheikhan akasema, sauti imeshuka. "Huenda akapiga."

"Kapiga juzi. Hapigi tena mpaka mwezi uishe."

"Wasia ni wasia, Mwatime. Atakulaumu mpaka kufa."

"Na anilaumu. Sitamwacha mama aharibike kwa sababu mimi sikuuliza nambari."

Akainua simu, akapiga Mombasa. Ililia mara moja tu.

"Ameir yu njiani?" Mjomba Mbarak aliuliza hata kabla ya salamu.

"Hapatikani, mjomba. Mzikeni."

Kwa mbali wanawake walikuwa wakisoma.

"Na nani amshushe?"

"Wewe. Ni dadako. Leo hii, kabla ya magharibi."

Hakukata simu. Aliishikilia sikioni mpaka akamsikia mjomba akiwaita wanaume waje wainue jeneza.