Posa ya Pasi Elfu Moja

Mimi Khalfan nimeshaposea watu saba hapa Texas na sijawahi kurudi mikono mitupu, kwa hiyo nisifundishwe kazi. Ushenga ni kuzunguka. Husemi "tunataka mke" kana kwamba unaagiza chipsi.

Jumapili ile ya Julai 2018 nilimtoa Elia kutoka mji wa Irving mpaka Stafford, mwendo wa saa nne kwa gari, kwenda kumposea Prudensia. Kijana alikuwa na hofu njia nzima. Baba wa binti, Mzee Elirehema, alishamkataa mposaji mmoja, tena mhasibu. Nikamwambia Elia haraka haraka haina baraka, wewe kaa kimya, niachie mimi.

Tuliambiwa saa tano, tukafika saa tano kamili. Kosa letu hilo, maana Mtanzania gani hufika saa aliyoambiwa? Mzee alikuwa bado kwenye Kombe la Dunia, Hispania na Urusi, sare ya bao moja, dakika za nyongeza zinaanza.

Nikaanza. "Mzee, tulikuwa tunapita, tukaona ua bustanini kwako..."

"Zamani Wahispania walikuwa wakali kama nyigu," akasema, macho kwenye runinga. "Sasa pasi tu. Mjerumani alikuwa mashine, naye akaiga pasi, juzi kafungasha virago. Hata Mwingereza siku hizi anaanzia kwa kipa. Sasa nani atapiga golini?"

"Kweli, mzee. Basi ua lile..."

Nusu saa nzima ua lile nikalizungushia ukuta, nikalimwagilia maji, nikaliletea nyuki. Wahispania nao wakavuka pasi elfu moja, kisha wakatolewa kwa penalti. Mzee akazima runinga, akajifunika uso kwa kofia. Elia akaninong'oneza kwamba tumekwisha. Nilimhurumia, wallahi, lakini kazi ni kazi.

"Sasa nyuki yule, mzee..."

Prudensia akatoka jikoni na sinia la vitumbua, akalibwaga mezani. Mwali hatoki hivyo. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

"Baba, Elia anataka kunioa, na mimi namtaka. Limebaki jibu lako."

Mzee akaondoa kofia. Akamuuliza Elia kama ni kweli.

"Ndiyo, baba," Elia akasema, machozi yanamtoka. Hayo ndiyo maneno pekee aliyomwambia mzee siku ile.

"Basi mke umepata," akasema Mzee, akachukua kitumbua. "Ila siku ya harusi, huyu mshenga wako asipewe kipaza sauti."