Wimbo wa Kutokea

Mji wa Brodek, kule Nebraska, Marekani, ulishawahi kuwa na sinema tatu. Ya kwanza ilikuwa hema; upepo ukalibeba, watu wakacheka mpaka basi. Ya pili ilikuwa ghala la nafaka, na hiyo hakuna aliyeicheka. Mkanda wa picha ulishika moto, mpumbavu mmoja akapiga kelele "Moto!" Moto wenyewe uliua mtu mmoja. Tisa waliuawa na miguu ya majirani zao pale mlangoni, na mmoja wao alikuwa Libuše, mdogo wake Albina.

Ya tatu ilikuwa ya Bwana Vrba, ya matofali, na chumba cha mashine kule juu kimezungushiwa bati. Picha za enzi hizo zilikuwa bubu, kwa hiyo Albina alipiga kinanda chini ya kitambaa cha kuoneshea picha, na mumewe Otakar akaendesha mashine. Watatu hao walikubaliana kwamba neno moto lisitamkwe kamwe humo ndani. Mkanda ukiwaka, Otakar atateremsha vibao vya chuma kwenye vidirisha vya chumba cha mashine, moshi usiingie ukumbini, na kutoka. Albina atapiga wimbo wa gwaride, ule wa kufungia onyesho, na watu watatoka polepole wakidhani picha imekwisha.

Kisha Vrba, bahili wa kutupwa, akaweka komeo nje ya mlango wa chumba cha mashine, akawa analifunga hata Otakar akiwa ndani, eti vijana wanamwibia vipande vya mkanda.

"Bwana Vrba, toa komeo hilo," Albina alimwambia.

"Nitalitoa, mama. Mbona una haraka?"

Miezi minne ikapita, komeo liko palepale.

Jumamosi moja mchana, wakulima walikuwa wameshauza maziwa na mayai yao, na ukumbi umejaa watu mia mbili, kina mama na vichanga vyao. Ghafla picha ikawa na rangi ya chai. Paa! Vibao vya chuma vikaanguka, giza likatanda. Albina akaupiga wimbo wa gwaride.

"Alaa! Imeishaje, na jamaa hajaoa bado?" alifoka Bohumil, mfuga nguruwe. "Vrba, mwizi mkubwa wewe!"

"Mashine imekorofisha! Jumatano mtaingia bure!" Vrba alijibu akiwasha taa mlangoni, jasho likimtiririka. Watu wakacheka, wakaanza kuinuka.

Hapo ndipo Albina aliposikia bati likigongwa. Mara tatu, kisha mfululizo.

Komeo! Alimtazama Vrba, Vrba akatikisa kichwa. Mlango ule ukifunguliwa sasa, moshi wote utawashukia watu, na yatakuwa yale ya ghalani.

"Kitu gani kinagonga?" mama mmoja wa nyuma aliuliza, akisimama na mtoto mkononi.

Albina akapiga kwa nguvu zaidi. Akatabasamu ili yule mama aone hakuna neno. "Bina!" sauti iliita kutoka juu. "Bina!" Akashuka kwenye sauti nzito za kinanda, akazitwanga. Mungu wangu, watoke. Watoke upesi, lakini wasikimbie.

"Kofia yangu iko wapi?" Bohumil aliinama chini ya viti, wenzake wamekwama nyuma yake.

"Utaikuta Jumatano!" Albina alimwimbia kupita sauti ya kinanda, na watu wakacheka tena.

Kugonga kukapungua. Kukakoma. Watu arobaini walikuwa bado ndani, naye aliwapigia mpaka wa mwisho. Kisha akapanda ngazi mbio, komeo likamchoma kiganja, akamburuta mumewe kwa buti.

Daktari alisema Otakar ataishi, ila mikono ndiyo basi tena. Mji mzima ulikuwa umeshamtengenezea Albina la kusema: kwa kelele zile za kinanda, nani angesikia?

Siku ya tatu Otakar akafungua macho. "Bina. Hukunisikia?"

Albina alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilikusikia," alisema. "Nikazidisha."

Otakar aliugeuza uso wake ukutani. Jikoni wanawake walikuwa wamefika na maandazi ya mbegu za popi, wamebeba watoto wao, wakimngoja Albina atoke wamshukuru, naye hakuweza kuinuka pale kitini.