Baraka Juu ya Shaba

Mate yake yaliangukia juu ya pete ya shaba, mepesi kama umande.

Kwa Wamaasai hiyo ni baraka. Mzee humtemea hivyo mtoto mchanga, humtemea bi harusi. Yeyo Nalotuesha, yeyo ndiyo mama kwa Kimaasai, alikuwa ametoka Isinya na maziwa yake, akasikia kazi ya mwanawe Kuntai inapelekwa ng'ambo, akataka kuiona. Mimi ndiye mwoshaji wa karakana, na mimi ndiye niliyeifungua foili iliyoifunika. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, na nilitaka mama mwenzangu aone kile ambacho mwanawe alikikereza kwa wiki tatu. Akaiona, akaibariki.

Ilikuwa pete ya majaribio, ya mashine inayokimbiza chembe ndogo kuliko atomu. Chembe hizo hupita ndani ya bomba lililonyonywa hewa yote. Alama ya kidole tu hutoa mvuke humo kwa majuma, ndiyo maana tuliishika kwa glavu. Ikikubaliwa, karakana yetu ya Kitengela ingepata kazi ya miaka miwili, na Kuntai ndiye angeisimamia. Wenye mashine walisema Ijumaa, si zaidi. Ijumaa ndiyo hiyo, na gari la vifurushi lingefika saa kumi.

“Kwani nimekosa?” aliuliza yeyo, maana Kuntai alikuwa amefumba macho.

“Hapana, yeyo. Asante. Kaa nje unywe chai,” nikamwambia.

Alipotoka, Mureithi, mwenye karakana, alinisogezea chupa ya spiriti.

“Pangusa, Mama Mumbi. Funga, tuma. Nani atajua?”

“Pampu zao zitajua.”

“Wewe unaosha chuma kuliko unavyoosha watoto.”

“Watoto wangu hawaingii kwa hiyo bomba.”

Fomu ya usafi ilingoja sahihi yangu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, tena wino ulikuwa umeshagusa karatasi. Nikamtazama Kuntai. Alikuwa akitazama mlango aliotokea mama yake.

“Tuoshe,” akasema.

Tukaosha. Maji ya moto na sabuni, kusuuza mara sita, kisha tanuri siku mbili. Gari liliondoka bila pete.

Tuliituma Jumatatu. Walijibu kwa upole kwamba ni safi sana, kazi nzuri, ila zabuni walikuwa wameshampa mwingine.

Hiyo ni miaka minne sasa. Tunachomelea mageti ya ploti mpya. Kuntai hukereza bushi, vipete vya chuma vya mashine za kusaga unga. Hajawahi kunilaumu kwa kuifungua ile foili, afadhali angenilaumu, tukagombana, yakaisha.

Juzi mama yake alileta maziwa, akauliza tena kama ile pete inafanya kazi huko ng'ambo. Kuntai akazima mashine.

“Inafanya, yeyo,” nikamwambia. “Inazunguka vizuri.”

Pete ya namna ile haizunguki. Hukazwa mahali pake, ikatulia. Kuntai anajua hilo kuliko mimi. Alisubiri mama yake amalize kufurahi, ndipo akawasha mashine.