Miti ya Veijo

Kisiki kilikuwa kibichi, na kilikatwa vibaya. Upande mmoja kimechimbwachimbwa kama mfupa uliotafunwa na mbwa, upande wa pili kibanzi kirefu kimesimama pale shina lilipochanika. Ule mkanda wa chuma wa kupimia unene wa mti ulikuwa umefunguliwa na kutundikwa kwenye tawi la jirani, kwa adabu kabisa. Msonobari wenyewe, mkongwe kuliko kanisa letu, ulilala chali kwenye theluji, na kulungu wangu majike walikuwa wamezamisha vichwa matawini wakila.

Sikufurahi hata kidogo. Niliona msitu mzima unatutoka.

Msitu ule ulikuwa umeponea chupuchupu. Wakataji walishaufikia, ukaachwa tu kwa sababu watafiti kutoka kusini waliomba waupime miaka na miaka, wajue joto linaifanya nini kaskazini yetu. Sharti likawekwa: mti hukatwa na mtafiti peke yake, tena kwa ajili ya sampuli. Sisi wafugaji turuhusiwe kupita na kulungu wetu wa theluji, lakini tukiangusha mti mmoja tu, mkataba umevunjika na mashine zinaingia.

Na mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha Januari. Mvua, Januari! Maji yalizama ndani ya theluji, baridi ikarudi kwa kishindo, ardhi yote ikafungwa kwa ganda la barafu. Kulungu hufukua theluji akafikia chakula chake, barafu haifukuliki. Kilichobaki ni ndevu, zile nyuzi nyeusi zinazoota na kuning'inia kwenye misonobari ya zamani. Mwaka wa njaa, babu zetu waliangusha miti ya ndevu, kundi likala, likavuka hadi majani yatoke. Ila miti ya zamani ilikwisha kuwa mbao. Iliyosalia ndiyo hiyo, miti ya yule mtafiti, Veijo.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa kaka yangu, Ásllat. Nilimkuta nje kwake ameinamia pikipiki ya theluji.

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Usinichezee. Mti wa Veijo uko chini."

Akaweka spana. "Mimi nilidhani ni wewe, dada. Niliuona jana. Nikasema, huyu kapata wazimu, na msumeno wake umekuwa butu."

"Mimi nikate vile? Mimi?"

"Mwenye njaa hana miiko."

Tulitazamana. Tumenyonya ziwa moja, tumelala chini ya ngozi moja, lakini asubuhi ile sikumwamini, na yeye hakuniamini. Nilijikuta natazama mikono yake kama ina utomvu. Naye, nikaona, anatazama yangu.

Veijo hatukumfikiria hata kidogo. Veijo Hannikainen alikuwa mtu wa kulinda miti, si wa kuikata, na kwetu hakuwa mtu wa kuaminiwa hata kwa kijiko. Siku yake ya kwanza, kahawa haijapoa, aliniuliza, "Una kulungu wangapi?" Kwetu hilo ni sawa na kumuuliza mgeni ana kiasi gani benki. Nikamjibu kama mama alivyokuwa akijibu: "Wako upande huu wa mti, na wengine upande ule." Akaandika! Miaka michache baadaye tukasikia kwamba miche haikui kwa sababu ya kwato za kulungu wetu, na idadi tuliyoruhusiwa kufuga ikapunguzwa. Nani alikuwa amesema habari za kwato? Tangu hapo tulimpa kahawa, hatukumpa neno.

Kesho yake tulisikia msumeno unalia ndani ya msitu. Ásllat aliwasha pikipiki, mimi nikapanda nyuma.

Tulimkuta yeye. Veijo, kofia upande, miwani imejaa ukungu, amekata msonobari wa pili hadi nusu na msumeno umebanwa ndani. Alipotuona alirudi nyuma kama mwizi wa kuku.

"Ule wa kwanza nusura uniue," alisema. "Nisaidieni."

"Tukusaidie nini, daktari?" Ásllat aliuliza.

"Kuuangusha. Sijui kuangusha miti. Najua kuipima."

"Tangu lini unawahurumia kulungu wetu?"

Veijo alivua glavu, akazivaa tena. "Kuna jike alikuja kulala mlangoni pa kituo cha utafiti. Nilimpita asubuhi, nikadhani anapumzika. Jioni nikampita tena, ameshakufa. Miaka yote napima ndevu za miti hii, kilo ngapi zinaning'inia. Zilikuwa pale, juu ya kichwa chake."

Ningependa kusema moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilikuwa naambiwa na mtu wa kusini nishike msumeno katika msitu ambao nikiukata naupoteza. Ásllat akanigusa kiwiko. "Tazama kule," alinong'ona. Kwenye shina la jirani kilifungwa kijisanduku cha kijani, kamera yao ya kupiga picha wanyama. Ilikuwa imetuelekea.

"Anatutega," alisema Ásllat. "Wee daktari! Tukate sisi, halafu upeleke picha, siyo? Wafugaji hawa hapa, wezi wa miti!"

Veijo aliitazama kamera kana kwamba alikuwa ameisahau. Nilingoja aizime, na nilishaamua kwamba akiizima nitaondoka, maana mtu anayezima leo huweza kuwasha kesho. Hakuizima. Nilichomoa msumeno uliobanwa, nikajipanga. Ndipo alipokuja kusimama kando yangu, bega kwa bega, akavua kofia, akafuta miwani, na kuuinua uso wake mbele ya kile kisanduku.

"Sasa kata," alisema.

Picha ile ilifika kusini. Hakuna aliyeweza kusema tulikata kwa siri, maana mtafiti mwenyewe alikuwa pale, uso mweupe, kichwa wazi kwenye baridi, na mti ukahesabiwa kuwa wake. Yeye walimuuliza ni sampuli gani hiyo inayoliwa. Walimwondoa. Msitu akapewa mtafiti mwingine, nao umesimama hadi leo. Veijo hakurudi tena, na nasikitika kwamba sikuwahi kumwambia ahsante.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilivuta kamba, msumeno ukanguruma, na kabla sijaugusa mti nikasikia kwato juu ya barafu nyuma yetu. Kulungu walikuwa wamekwisha kuijua sauti ile tangu mti wa kwanza. Walikuwa wamekonda mno, na walikuwa wanakimbia.