Mandolini Iliyodanganya

Msusi alinunua mandolini, ala ya nyuzi kama gitaa dogo, miezi michache baada ya kumzika mumewe. Wateja wake saluni walimcheka kwa upole, wakasema mjane mwenye akili hununua cherehani. Yeye aliwajibu tu kwamba nyumbani kwake ukimya ulikuwa umekaa kwenye viti kama mgeni asiyejua kuaga, na alitaka kitu cha kuuondoa.

Alikuwa akiishi na mama mkwe wake, mwalimu mstaafu wa kwaya ambaye majirani walimwita Sauti ya Kwanza. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamefifia, lakini masikio hayakuwa yamestaafu. Wawili hao hawakugombana hata siku moja. Waliishi kwa adabu, na adabu ikizidi nayo huwa ukuta.

Mandolini ilikuja ndani ya boksi, nyuzi zake nane, zilizopangwa mbilimbili, zimelegea. Kidaraja, kile kijiti cha mbao kinachozibeba nyuzi juu ya tumbo la ala, kilikuwa pembeni, kimefungwa kwa karatasi. Hakigundishwi, nyuzi ndizo zinazokigandamiza kisimame. Msusi alikiweka pale macho yake yalipoona panapendeza, akazungusha viskrubu vyake mpaka kikainuka kama askari wa gwaride, kisha akakaza nyuzi kwa kufuata programu ya simu. Zikipigwa bila kushikwa, zilikuwa sawa. Alipozishika kwenye shingo ya ala, ikawa taabu. Zilikuwa juu mno, na kila alipozibana zilimwachia mistari kwenye ncha za vidole. Vidole vilivyosuka vichwa vya watu kutwa bila kunung'unika sasa vilikuwa vinaomba poo.

Aliirudisha dukani. "Ni mpya, dada. Utazoea," muuzaji alisema, na mfuko hakuufungua.

Basi akazoea, au alijaribu. Kila alipotoka kazini alijifungia chumbani, akarudia wimbo mmoja mfupi wa watoto. Wimbo ulianza vizuri, kisha ukapinda, na kadiri mkono ulivyopanda shingoni ndivyo ulivyozidi kupinda. Alijiambia ni yeye, hana sikio. Jioni moja, katikati ya wimbo, sauti ya mama mkwe ikapenya ukutani:

"Unadanganya."

Msusi aliacha kupiga. Neno lile halikumgusa kwenye muziki, lilimgusa kwingine. Kaka yake alikuwa akimpigia simu mara kwa mara: hamia kwetu, mume hayupo tena, mama wa watu unamtunza mpaka lini? Na kila simu ilipokwisha, mama mkwe akiuliza, yeye alijibu kuwa kaka anasalimia tu. Kumbe amejua, aliwaza. Akaiweka mandolini juu ya kabati, akaanza kuchelewa kurudi nyumbani kutoka kazini kwa makusudi.

Siku ya mapumziko walikaa sebuleni wakikunja nguo. Mama mkwe alikunja shuka kwa kupapasa pembe zake, kisha akauliza, "Mbona chombo chako kimenyamaza?"

"Si ulisema nadanganya, mama?"

Bibi akaiweka shuka chini. "Nilisema inadanganya. Hiyo mandolini. Mkaza mwanangu nimwite mwongo kupitia ukutani? Ningekuja mlangoni."

Msusi alicheka, kicheko kikamtoka pamoja na machozi, na ikabidi ajifute kwa fulana iliyokwisha kukunjwa.

"Ilete," bibi akasema. "Piga uzi mmoja usioshikwa. Haya, sasa uubane pale sauti ileile inaporudi juu, hatua ya nane ya ngazi ya muziki." Msusi alibana kwenye kichuma cha katikati, kati ya vile vinavyokatiza shingo ya ala. Bibi akakunja uso. "Umesikia? Sauti hizo mbili zilipaswa kuwa mtu mmoja, utotoni na ukubwani. Hawa hata undugu hawana. Huyu wa juu amekimbia. Na hiyo hatua ya nane ni lazima iwe nusu kamili ya uzi."

Nusu ya uzi ilikuwa lugha aliyoielewa. Msusi alichukua uzi mweusi wa kusukia, akapima kutoka kichwani, nyuzi zinapoanzia, hadi kichuma kile. Akaugeuza, urefu uleule, kuelekea kwenye kidaraja. Ukakipita kwa upana wa punje ya mahindi.

Wakalegeza nyuzi. Alishusha viskrubu, akakisogeza kidaraja nyuma kidogo, akakaza, akapiga. Nyuzi zikakwaruza vichuma kama nyuki ndani ya kopo.

"Umeshusha mno," bibi alisema.

Akapandisha kidogo. Akasogeza tena. "Bado. Rudi. Umepita. Hapo, usipumue." Waliendelea hivyo mpaka nguo zikasahauliwa, na sauti ya juu na ya chini zikawa mtu mmoja. Vidole navyo viligusa bila kuumia. Jozi moja tu ya nyuzi ilibaki na ukorofi wake.

Msusi aliilaza mandolini mapajani. "Mama, zile simu za kaka si za salamu."

"Najua. Ukuta ni huohuo. Unataka kwenda?"

"Sijui."

"Hilo nimelisadiki. Lakini usikae kwa kunihurumia. Kwaya nimefundisha, anayeimba kwa kulazimishwa namjua kabla hajafungua kinywa."

"Na nikikaa kwa kupenda?"

Bibi aliipapasa shuka, akaivuta magotini. "Basi kaza ile jozi ya pili. Inaniwasha masikio."

Kaka yake alikuja wiki iliyofuata kuchukua jibu. Alikuta mlango wazi na wanawake wawili wakibishana kuhusu mwendo wa wimbo, mmoja akipiga meza kwa kiganja, mwingine akisema vidole vyake si treni. Alisimama kizingitini akisubiri wamalize. Alipoona hawaelekei kumaliza, aliingia, akaondoa nguo zilizokuwa kwenye kiti, akaketi kusikiliza.