Mstari Mwekundu Kwenye Tangi la Samaki

Nisimung'unye maneno: maji yale nilikuwa nayamwaga mimi. Sikujua, lakini kutojua hakukaushi sakafu.

Miaka hiyo ya wakimbizi nilikuwa mpishi kwenye gesti ya Mzee Theonest, pale Nyakanazi njia panda. Vyumba vilijaa watu wa mashirika waliokuwa wakienda na kurudi makambini, na Mzee Theonest akaanza kujiona. Akaleta samaki wa rangirangi kutoka Kigoma, akawaweka mapokezini kwenye tangi la kioo. Chini yake kulikuwa na tangi la pili. Maji ya juu yalishuka kwa bomba mpaka la chini, yakachujwa kwenye sponji, pampu ikayarudisha juu, hivyohivyo mchana kutwa. Makubwa! Samaki wa kuangaliwa tu, hawaliwi.

Samaki walikabidhiwa Felisita, mfanya usafi. Alikuwa Mrundi wa kambi ya Lukole, na alikaa Nyakanazi kwa kibali cha kutoka kambini ambacho Mzee Theonest alimwombea upya kila mwezi. Kazi yenyewe haikumhusu sana. Alichotaka ni njia panda. Mwanawe Iteka, wa miaka saba, alimpotea walipokuwa wakivuka mpaka. Kila lori lililosimama, liwe la Kibondo, la Kahama au la Rusumo, alilifuata na swali lilelile: "Hamjaona mtoto mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto?" Kambini angekaa akisubiri. Hapa alikuwa anatafuta.

Wiki ya kwanza alichukua rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye tangi la chini, shubiri moja kutoka ukingoni. Kisha akanijia jikoni.

"Shikamoo, Mama Projestus."

"Marahaba."

"Naomba maji yasijazwe kupita ule mstari. Jenereta likizimwa, pampu inasimama, na maji yaliyo njiani yote yanashuka chini. Lazima yakute nafasi."

"Sawa," nikasema. Moyoni nikasema, loo, huyu ndiye wa kunifundisha mimi kujaza chombo?

Mama yangu wa kule Ngara alinilea hivi: kibuyu cha pombe hakifiki mbele ya mgeni kikiwa kimepelea, hata kwa kidole. Kikipelea, umemwambia mgeni aende zake. Sasa wageni wa heshima wanakaa pale mapokezini, na tangi linapelea shubiri nzima! Niliona aibu mimi. Basi kila tulipopata wakubwa, Felisita akienda kwenye malori jioni, nachukua ndoo na kujaza mpaka ukingoni. Kesho yake nakuta maji yamerudi kwenye mstari. Nikadhani samaki wanayanywa.

Jenereta lilizimwa watu wakishalala, hivyo hakuna aliyeona kitu. Mara ya kwanza sakafu ilipokutwa maji matupu, Mzee Theonest alifoka. Mara ya pili alisema, "Yakimwagika tena sikuombei kibali. Unarudi Lukole."

Felisita akapiga magoti kutazama mstari wake. Jenereta lilikuwa limeshawashwa, na maji yalikuwa palepale mstarini, kama vile hayajaguswa.

"Sikuzidisha, Mzee. Haki ya Mungu."

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, uwe unakamua tambara vizuri." Na nilikuwa namhurumia kweli, ndiyo mbaya zaidi.

Mara ya tatu, siku ya Jumanne, maji yaliingia chumba cha kwanza yakalowesha begi la mgeni. Felisita alipanda basi la Kasulo siku hiyohiyo, kurudi Lukole. Hakubishana. Aliniambia tu, "Akija dereva yeyote na habari, Mama Projestus, usinisahau."

Kuanzia hapo tangi likawa langu. Ijumaa mchana nililijaza mpaka ukingoni, nikafuta kioo, nikaridhika na nafsi yangu. Mara dizeli ikaisha. Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Maji yakaanza kushuka kutoka juu, taratibu, yakapita ukingo, yakanilowesha kanga magotini. Dizeli ilipoletwa na jenereta likawaka, pampu iliyavuta juu, na yaliyobaki chini yakatulia kwenye mstari mwekundu.

Nilijichukia. Nilimfuata Mzee Theonest na kanga ileile inachuruzika, nikamweleza yote.

"Yameshapita hayo," akasema. "Usijaze tena, basi."

"Hayajapita. Andika barua ya kibali, tena sasa hivi. La sivyo leo utapika mwenyewe."

Aliandika, nami nimemsimamia.

Jumamosi lori la mahindi lilisimama. Dereva wake, Bernardo, akashuka akiangaza macho huku na huku.

"Yule mama wa nyusi yuko wapi? Kuna mtoto kambi ya Mtendeli, Kibondo. Ana kovu, na anasema jina lake Iteka. Nilipita hapa Jumatano kumwambia. Sikumwona barabarani, nikadhani ameshampata; kumbe mtoto bado yuko kulekule."

Kesho yake nilikwenda Lukole. Nilimkuta Felisita kwenye foleni ya maji, ndoo miguuni. Njia nzima nilikuwa nimejiuliza nianze na mtoto au nianze na maji. Nikaona nikianza na mtoto hatayasikia mengine, nami nitasamehewa bure kwa furaha yake. Nikaanza na maji. Nilisema kila kitu: kibuyu cha mama, ndoo, lile neno langu la tambara.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua kuna mtu," alisema. "Sikukudhania wewe."

Ndipo nikamwambia maneno ya Bernardo. Akakaa chini, pale pale kwenye tope la bombani.

"Nyusi ipi?"

Nilikuwa nimemuuliza Bernardo jina la mtoto mara tatu, lakini upande wa kovu sikumuuliza.

"Sikuuliza," nikasema. "Ila Bernardo anajua. Anapita tena keshokutwa."

"Na alipita Jumatano."

"Ndiyo."

"Jumatano ningekuwa pale," Felisita akasema. "Ningemuuliza."

Nilimpa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa wote kupokea kitu kwa mkubwa, akainuka kwenda ofisi ya mkuu wa kambi. Nikabaki kwenye foleni kumshikia nafasi yake.